Kuhusu Mtutu wa Edmund Zadina na Sheria Yenu ya Namba

Lumir Zadina,
Njia ya Mashamba Na. 4,
Kusini mwa Ord, Nebraska.
Jumanne, tarehe 8 Oktoba, 2019

Kwa Mhariri,
Jarida la Chama cha Wakusanyaji wa Bunduki za Kale za Pampu.

Ndugu Mhariri unayeheshimiwa hata na wasiokusoma,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mahindi yamekauka vizuri, mto umepungua, na mimi ni mzima isipokuwa nyonga ya kushoto, ambayo nitaizungumzia hapo chini kwa sababu ni ushahidi.

Nina umri wa miaka themanini na minne na kadi yangu ya uanachama imelipiwa mpaka Desemba. Shule niliiacha darasa la nane, maana ng'ombe wa Baba hawakuwa na likizo, kwa hiyo unisamehe nikisema jambo bila kulipaka siagi. Nakuandikia kulalamika juu ya Chama, juu ya Jarida, juu ya mtaalamu wenu Bwana Curtis Bramhall, na zaidi ya wote juu ya ile sheria yenu kwamba bunduki ya kale si halisi mpaka namba zake zilingane. Naomba sheria hiyo ifutwe kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Siku hiyo mdogo wangu Edmund anauza kwa mnada kila kitu alicho nacho, halafu anahamia Lincoln kwa binti yake. Msipoifuta, itanibidi niende kubisha hodi mlangoni kwake, jambo ambalo sijalifanya kwa miaka thelathini na moja na ambalo daktari hajaniandikia.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba, kwa kuwa nimeona ninyi ni watu wa namba.

1. Jarida lenu lilinifundisha kutazama.

Mwaka 1953 Baba alitununulia bunduki mbili siku moja, katika duka la misumari na mbegu mjini, moja yangu na moja ya Edmund. Zote Winchester za pampu, Modeli 12: unavuta ule mkono wa mbao nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia, na ndege kama bado yupo unamjaribu tena. Zilifanana kama ndama pacha. Tena ni zile zinazotenganishwa: unazungusha kidogo, inakuwa vipande viwili, kitako na mtambo huku, mtutu kule. Kila kipande kina namba yake tumboni, pale vinapokutana, na kiwandani namba hizo mbili huwa ni moja.

Kwa miaka sitini na sita sikuwahi kuigeuza bunduki yangu tumbo juu. Nilikuwa mtu mwenye furaha. Ndipo mwezi wa nane mkachapisha ile makala ya mambo saba ya kutazama kabla mtu hajafungua pochi. Tazama vichwa vya skrubu, kama vimetafunwa jua fundi wa kisu cha jikoni alipita. Nusa kitako, kama kinanuka vanishi mpya kimbia. Pima urefu wa mtutu kwa ufito, usije ukauziwa uliokatwa. Herufi za kiwanda zikiwa na kingo laini, chuma kimesuguliwa na kupakwa rangi upya. Pale chini panapobebwa kwa mkono pawe pameng'aa kama senti, na hapo usipaguse kwa kitambaa wala kwa sala. Na kadhalika, mpaka la saba, namba.

Nilifanya mazoezi kwa kila kitu hapa nyumbani, kuanzia trekta mpaka mke wangu Rosalie. Rosalie hakupendezwa na kipimo cha kunusa. Mwishowe nikaigeuza bunduki. Nyuma namba inaishia 417. Mbele inaishia 433.

2. Bwana Bramhall.

Nilijiambia, labda macho. Nikaipeleka kwenye maonyesho yenu ya Septemba, pale ukumbi wa maonyesho ya kilimo, nikijua kwa hali yake ile na chuma chake cha asili lazima ipewe cheti na utepe wa bluu. Bwana Bramhall alivaa glavu nyeupe kama anayekwenda kuzika askofu. Akawasha kitochi. Akasifu skrubu, akasifu kitako, akasifu mng'ao wa chini mpaka nikaona haya. Kisha akaigeuza, akazima kitochi ili asilimalizie betri jambo lisilostahili.

Akaniambia, mbele ya watu wenye pochi zao, "Mzee, hii si bunduki. Hizi ni nusu mbili zilizokutana njiani."

Ndugu Mhariri, nusu hizo zimelala kabati moja tangu kabla Bwana Bramhall hajaota jino. Nimewinda nazo bata kwenye theluji, nimefukuza nazo fisadi mmoja aliyekuja kumposa binti yangu na akaoa kwingine akatajirika, Mungu anisamehe kwa hilo. Leo naambiwa haifai hata meza ya heshima. Kwenye fomu akaandika "mchanganyiko". Neno hilo kwetu huandikwa kwenye gunia la chakula cha kuku.

3. Nilitii ushauri wenu nikaaibika.

Kwa kuwa ninyi mnasema mwanachama akipungukiwa na kipande atafute sokoni kwa uvumilivu, nilikwenda mnada wa Burwell nikanunua bunduki nyingine ya modeli hiyo hiyo, ambayo muuzaji aliapa ilikuwa ya mjane na ilitoka kabatini mara mbili tu, Krismasi na Pasaka. Ilimeta kama kiatu cha harusi. Nikaona nimepata. Nilipofika nyumbani nikatoa miwani nikakumbuka herufi. Kingo zilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha, na skrubu zimetafunwa kana kwamba mjane mwenyewe ndiye aliyezifungua, kwa meno. Makala yenu haikusema popote kwamba mambo saba yatazamwe kabla ya kupandisha mkono mnadani na si baada ya chakula cha jioni. Naomba toleo lijalo mliongeze liwe la nane.

Na hata ingekuwa nzuri, mtutu wake ungekuwa na namba ya mjane. Ulimwengu mzima una mtutu mmoja tu wenye 417, na uko maili tatu kutoka hapa, juu ya kabati la vyombo la Edmund Zadina.

4. Sheria yenu haina kifungu kuhusu mama.

Ilitokea hivi. Mwaka 1954, baada ya mvua kubwa ya Novemba, mimi na Edmund tulizitenganisha bunduki zote mbili tukazitandaza mezani jikoni kuzipaka mafuta. Mama, Mungu amlaze pema, alikuwa ametoa kolache, vile vikate vyetu vitamu vya Kicheki, kwenye oveni, trei mbili, za plamu na za mbegu za mpopi, na trei zilikuwa za moto na meza ilikuwa ni hiyo moja. Alituambia tuondoe takataka zetu kabla hajahesabu mpaka tatu, na Mama alikuwa anahesabu kuanzia mbili. Kila mtu akanyakua alichonyakua. Kwa bahati mbaya kabisa mitutu ikapishana. Hivyo ndivyo ilivyotokea na sitaki kuulizwa tena.

Sasa nauliza, Chama kinataka kusema mama yangu ni mharibifu wa mali ya kale? Wanachama wenu wangapi walikuwa na mama? Wengi wao, nadhani, ukimwondoa mweka hazina.

5. Sheria yenu inafufua maiti ya ndege.

Hapa naomba uvute kiti. Siku ya kufungua msimu wa mwaka 1988 tulikuwa watu saba tunapita mistari ya mahindi, mimi nikiwa pembeni na Edmund upande wangu. Akaruka fezanti, yule jogoo wa porini mwenye pete nyeupe shingoni, mkubwa, mwenye mkia kama ufagio wa kanisa. Tukafyatua pamoja, sauti moja. Ndege akaanguka. Nikamwokota.

Edmund akasema, mbele ya watu watano, mmoja wao padri, "Mtutu wako unapiga kushoto, Lumir, tangu siku Baba alipotununulia. Huyo ndege ni wangu."

Nilimweka ndege chini juu ya mabua, nikaenda nyumbani kwa miguu, na sijamjibu mpaka leo. Tumekutana kanisani, tumekutana kwenye ukumbi wa dansi, tulibeba jeneza la Mama yeye kushoto mimi kulia. Mgahawani mjini mhudumu huchukua chumvi kutoka meza yangu akaipeleka meza ya Edmund bila mimi kuambiwa inakwenda wapi. Ni heshima tu. Mtu hajibishani juu ya ndege mbele ya padri.

Lakini tazameni mlichofanya. Kwa namba zenu, mtutu niliokuwa nao siku ile ulikuwa wa Edmund. Kwa hiyo aliposema mtutu wangu unapiga kushoto, alikuwa anautukana mtutu wake. Na mtutu aliokuwa nao yeye ulikuwa wangu. Kwa hiyo kama ndege alipigwa na bunduki yangu, aliuawa na mtutu wa Edmund. Na kama alipigwa na bunduki ya Edmund, basi ni mtutu wangu. Nimelihesabu jambo hili kwa siku kumi na moja na kila nikifika mwisho naona ndege amekufa mara mbili na hakuna aliyempiga. Bwana Bramhall na glavu zake hajui moto aliouwasha.

6. Mkifuata sheria hiyo, hakuna kitakachobaki.

Nilisema nitarudi kwenye nyonga. Niliwekewa mwaka 2011, ya chuma, na hospitali walinipa kadi yenye namba yake. Namba hiyo hailingani na cheti changu cha kuzaliwa; nimekagua. Kwa hiyo kwa fomu zenu mimi ni mchanganyiko. Rosalie ana meno ya juu yaliyotengenezwa kwingine, na anaomba nisiendelee. Padri wetu wa sasa ni wa tano. Kengele ni ya mwaka 1909 lakini ulimi wake ulitoka kwenye shule iliyovunjwa. Bwana Bramhall mwenyewe, nilipomtazama kwa mambo yenu saba, nywele zake za mbele zilikuwa na rangi mpya na kingo laini. Sikusema kitu. Nina adabu.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo, na nikikosa la kwanza nipewe la pili, na kuendelea.

Kwanza, iandikwe kwamba bunduki mbili zilizobadilishana mitutu zinahesabiwa kuwa halisi ikiwa wenye nazo walinyonya ziwa moja. Kama hilo gumu, Chama kimtume Bwana Bramhall, na glavu, akabishe hodi kwa Edmund kabla ya Jumamosi aulete ule mtutu wa 417, na aupeleke wa 433, bila kutaja jina langu. Kama naye anaogopa, basi Chama kiandikie wakuu wa kaunti mnada uahirishwe mpaka mmoja wetu afe, tuone. Na kama hata hilo haliwezekani, nitaomba mimi na Edmund tuandikishwe kama kitu kimoja cha kale, cha mwaka 1935 na 1937, hali nzuri kwa nje, namba hazilingani, na isiruhusiwe nusu moja kupelekwa Lincoln wakati nusu nyingine imebaki Ord. Nadhani ninyi wenyewe ndio mnaofundisha kwamba kutenganisha jozi ni dhambi.

Rosalie, ambaye huongea na Edmund kila Jumapili kana kwamba hakuna vita, amesoma mpaka hapa juu ya bega langu. Anasema mlango wa Edmund unafunguka kwa kusukuma tu, kama mlango wowote. Namjibu kwamba hili ni suala la kitaalamu.

Nakomea hapo kwa leo, nikitarajia barua ya kufuta sheria kabla ya tarehe niliyoitaja. Nisalimie mpiga chapa, mkeo kama unaye, wanachama wote wa kaunti saba, mhudumu wa meza ya kahawa pale kwenye maonyesho aliyenipa kikombe cha pili bila kuuliza namba, na hata mweka hazina. Bwana Bramhall msalimie pia, lakini bila kuvua glavu.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu niliyechanganywa,

Lumir J. Zadina

Nyongeza, Jumamosi tarehe 12.

Barua hii ilikaa juu ya friji siku nne kwa kukosa stempu. Jana nikaona malalamiko yasiyo na ushahidi ni kelele, inafaa nikupe namba ya mtutu wa Edmund yote, nimeiona kwa macho. Nikaifunga bunduki yangu kwenye gunia nikaendesha zile maili tatu. Ni kazi ya Jarida niliyokuwa naifanya, ulielewe hilo.

Mlango ulikuwa wazi. Nyumba imejaa maboksi. Edmund amepungua, shati linamning'inia kama liko kwenye kamba. Alinitazama, akatazama gunia, akaniambia nivue viatu, zulia limeshapewa namba ya mnada.

Tukazitenganisha mezani zote mbili. Ni meza ile ile ya Mama, sikujua kwamba aliichukua yeye. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia habari ya trei za kolache. Nikaanza vizuri, nikafika kwenye plamu, nikashindwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe kama nilivyomwambia yeye. Malalamiko namba nne ni uongo. Kolache zilikuwepo, lakini mitutu haikupishana kwa bahati. Msimu wote wa kwanza nilikuwa nikikosa kwa upande wa kushoto na yeye hakosi, nikaamini Baba alimpa mtutu mzuri. Mama alipoanza kuhesabu nikauchukua wa kwake makusudi. Namba nilizijua siku zote, hata nilipoisoma makala yenu. Na mwaka 1988 aliposema mtutu wangu unapiga kushoto, jibu lilikuwa moja tu, kwamba mtutu huo ni wako, na nisingeweza kulisema bila kusema nimeupataje. Ndiyo maana nilikwenda nyumbani kwa miguu.

Edmund alimaliza kupaka mafuta kipande alichoshika. Kisha akasema, "Nilijua, kaka. Namba ya kwangu niliikariri siku Baba aliponipa. Wewe ndiye uliyekuwa husomi kitu. Lile neno la kushoto nilikurushia ili ukasirike useme. Ukakasirika. Sikujua kama utanyamaza mpaka nizeeke."

Nikamuuliza kwa nini hakuudai. Akasema ule niliomwachia ulikuwa unapiga vizuri tu.

Hilo nilitaka lithibitishwe. Tukatoka nyuma ya ghala, tukapigilia karatasi ya mfuko wa mbegu kwenye ubao, hatua thelathini, kila bunduki na kila mtutu, yeye kisha mimi. Marisau ya Edmund, zile punje za risasi, yalikaa katikati kwa mitutu yote miwili. Ya kwangu yalikaa kushoto kwa mitutu yote miwili. Kwa hiyo mitutu yote haina kosa, na hilo mnaweza kulichapisha kwa manufaa ya wanachama. Edmund hakutaja fezanti. Alibandua karatasi yangu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

Mitutu tulijaribu kuirudisha mahali pake pa kiwandani. Imeshika, lakini inacheza kidogo; kila mmoja umezoea mwenzake wa miaka sitini na mitano. Tukaiacha ilivyokuwa. Bunduki yake ameitoa kwenye orodha ya mnada, na meza pia. Lincoln itasubiri mpaka Novemba.

Kwa hiyo naomba sheria ya namba isiguswe, hata nukta. Iandikwe kwa herufi kubwa zaidi, na Bwana Bramhall aongezewe kitochi.

Msimu unafunguliwa tarehe ishirini na sita. Edmund amekubali kuja, kwa sharti moja tu, kwamba atembee upande wangu wa kulia.